Wakili Aliyeletwa na Bima ni wa Nani?



Ndugu yetu mmoja anayeishi hapa Deira alitujia akiwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilihusu madai ya fidia ya mtu aliyegongwa na gari lake. Ya pili ilikuwa hati ya uwakala, aliyotakiwa kuitia saini ili wakili aliyechaguliwa na kampuni ya bima amsimamie mahakamani. Akatuuliza: “Wakili huyu simjui, wala sikumlipa hata dirhamu moja. Je, ni wangu mimi au ni wa kampuni?”

Swali hili ni zito kuliko lionekanavyo. Ili tulijibu, hatuna budi kwanza kumtazama wakili mwenyewe: ametokea wapi, na kazi yake imemlea vipi.

Kwetu Kenya, njia yake tunaifahamu. Husoma shahada ya sheria chuo kikuu, kisha huingia Kenya School of Law, Nairobi, na kufanya kazi miezi sita chini ya wakili mzoefu. Baada ya mitihani huapishwa na Jaji Mkuu, na tangu hapo hutakiwa kuwa na cheti kipya cha kazi kila mwaka. Lakini ya bima hayajui bado. Hayo huyajua pale ofisi anamofanyia kazi inapowekwa katika orodha ya mawakili wa kampuni fulani, naye kijana akaanza kutumwa leo Kilifi, kesho Kwale, akiwa na majalada mengi ya ajali za matatu na pikipiki. Humo hujifunza kusoma mchoro wa polisi, kupambanua ripoti ya daktari, na kukisia jaji atatoa kiasi gani kwa mguu uliovunjika. Baadhi yao waliwahi kuwatetea majeruhi kabla ya kuhamia upande wa pili, na hao ndio wagumu zaidi kuwashinda, kwani mlango wa nyuma wanaujua.

Hapa Dubai njia ni nyingine. Lugha ya mahakama za kawaida ni Kiarabu, na anayesimama mbele ya jaji ni wakili aliyesajiliwa, aghalabu raia wa nchi hii. Yule Mwingereza au Mhindi mwenye suti nzuri anayekuandikia barua kwa Kiingereza, mara nyingi ni mshauri wa sheria tu. Aweza kuandaa hoja zote, lakini hawezi kuzisema katika mahakama hizo. (Mahakama za DIFC, zilizoanzishwa mwaka 2004, ndizo zinazoendeshwa kwa Kiingereza.) Wote wawili hupewa kibali na Idara ya Mambo ya Kisheria ya Serikali ya Dubai, na si utovu wa adabu kumwuliza mtu jina lake limeandikwa huko kwa cheo gani.

Sasa turudi kwenye swali. Hati za bima za magari huipa kampuni haki ya kushika hatamu za utetezi. Yeye ndiye atakayelipa fidia, kwa hiyo yeye ndiye amchaguaye wakili na kumlipa. Maadamu kampuni na aliyekata bima wanataka jambo moja, yaani dai lipungue au lianguke, mpango huu una faida kubwa, kwa sababu unapata mtetezi mzoefu bila kutoa kitu mfukoni. Wapo wanaomwona wakili wa bima kuwa adui tangu mwanzo. Sisi hatukubaliani nao.

Tatizo huzuka pale maslahi yanapoachana. Kenya, kwa mfano, sheria iliyorekebishwa mwaka 2006 iliweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Hukumu ikizidi hapo, ziada humwangukia mwenye gari. Kampuni ambayo tayari inajua itapoteza hizo milioni 3 haina uchungu tena na kinachozidi, ilhali kwako wewe hiyo ziada ndiyo shamba na nyumba.

Na katika Imarati liko jambo jingine. Kampuni hulazimika kumlipa aliyeumizwa, lakini baadaye yaweza kumrudia aliyekata bima na kumdai ilichokitoa, ikiwa dereva hakuwa na leseni ya gari la aina ile, au alikuwa amelewa, au gari lilitumika kwa shughuli isiyotajwa wakati wa kukata bima.

Hapo ndipo tulipomwuliza ndugu yetu gari lake lilikatiwa bima ya matumizi gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Ya binafsi.” Naye kwa mwaka mzima amekuwa akibebea watu bidhaa kwa malipo, na siku ya ajali alikuwa na mzigo ndani.

Hatukumwambia afiche. Uongo mbele ya jaji ni kosa, na mbele ya Mola wetu ni zaidi ya kosa. Tulimwambia kwamba asitie saini kabla ya kumwuliza wakili yule maneno mawili kwa maandishi: je, kampuni imehifadhi haki ya kumrudia baadaye, na atakalomweleza yeye kwa siri litafika kampuni au halitafika? Wakili mwaminifu, akiona hawezi kuwatumikia wawili, husema na kujitoa. Asipopata jibu, atafute wakili wake mwenyewe, hata kwa kukopa. Na kama baadaye atakuwa na lalamiko juu ya kampuni yenyewe, mlango wake ni Sanadak, chombo kilichoanzishwa chini ya Benki Kuu mwaka 2023. Huko ndiko malalamiko ya bima hupelekwa kabla ya mahakama.

Barua ameipeleka. Tulimsaidia kuiandika kwa Kiarabu na nakala tumebaki nayo. Wasomaji walio na magari ya kubebea mizigo, tafadhali leo usiku itoeni hati yenu ya bima mtazame mstari wa matumizi umeandikwa nini. Asiyeweza kuisoma aje nayo Ijumaa baada ya sala, tutaisoma pamoja.