Askari wa Kuchekwa na Askari wa Kuogopwa

Ewe msomaji, ukiwa Kitale au Bungoma, fanya jaribio dogo darasani. Mwambie mwenzako aigize askari polisi. Hapana shaka atatunisha tumbo, atakunja uso, kisha atanyoosha mkono apewe hongo, na darasa zima litacheka. Mwulize sasa: amepata kuingia kituo cha polisi hata mara moja? Pengine hajapata kamwe. Mwalimu wake ni televisheni.

Mara nyingi watungaji wetu hutupa askari wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kuchekwa, kama katika Inspekta Mwala, ambamo kituo cha polisi ni uwanja wa vichekesho. Wa pili ni wa kuogopwa, kama katika sinema ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ambamo wapelelezi wala rushwa hujifanya mahakimu, wakawaua vijana bila hukumu.

Utaniambia, “Lakini mambo hayo yapo!” Naam, yapo, wala simtaki msanii ayafiche. Sinema ile ilisema kweli chungu, nami naiheshimu. Ubaya ni kwamba askari hao hawana la kuchagua. Mmoja ni mjinga tangu mwanzo hata mwisho, na mwingine ni katili vivyo hivyo. Basi mtazamaji hujifunza kuwa polisi ni kama mvua ya mawe: haihojiwi, husubiriwa ipite.

Wazee walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ukiizoea hongo kwa kuicheka jioni sebuleni, kesho yake hutashangaa ikitolewa mbele yako katika matatu ya Webuye. Ukizizoea risasi za sinema, hutashtuka jirani akikamatwa asionekane tena. Nawe utasahau kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 49, yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika saa 24, au saa hizo zikiisha mahakama imefungwa, siku ya mahakama inayofuata. Na Kifungu cha 244 chawataka polisi wenyewe wazuie ufisadi.

Yuko wapi konstebo wa Kitale anayeikataa noti, wenzake wakamnunia? Yuko wapi mama wa Bungoma anayeuliza kwa adabu, “Afande, nimevunja sheria gani?” Hayo ndiyo maigizo tunayoyahitaji. Wasipoyaandika wakubwa, yaandike wewe.