Jasho la Marehemu Lisipotee

Alfajiri ya Alhamisi Kuu, Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wakaua watu 148; kati yao 142 walikuwa wanafunzi. Wazazi waliokuwa wakingoja watoto waje nyumbani kwa Pasaka walisafiri hadi Nairobi kuwatambua katika chumba cha maiti. Walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na njia yao ya kuelekea mahafali ikabaki wazi. Swali letu lawahusu wale waliozikwa, pamoja na wanafunzi wanaofariki kila mwaka kwa ajali na maradhi: je, miaka yao ya masomo nayo huzikwa?

Twasema hapana. Mwaka 1981, katika waraka wake Laborem Exercens, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya. Masomo nayo ni kazi. Mwanafunzi alikesha, mama akauza ng'ombe, Jumuiya Ndogo Ndogo ikachanga karo. Kulitambua jasho hilo si sadaka, ni haki.

Wapo wasemao kwamba shahada ni ushuhuda wa ujuzi, nayo haigawiwi kwa huruma. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuombi shahada iwe rambirambi. Lakini vyuo vya Uingereza vina desturi ya zamani iitwayo kwa Kilatini aegrotat, maana yake "anaumwa". Mwanafunzi aliyezuiwa na ugonjwa kufanya mtihani wa mwisho huweza kutunukiwa shahada isiyo na daraja, na vyuo kadhaa huwatunuku hata waliofariki. Heshima ya vyuo hivyo haikushuka. Aliyekaribia kumaliza na apewe shahada. Aliyefariki mapema zaidi apewe cheti kinachotaja masomo aliyoyafanya.

Wengine huuliza: marehemu ataajiriwa wapi? Wanaouliza hivyo wameigeuza elimu kuwa tiketi ya mshahara, na binadamu kuwa bidhaa ya soko.

Kwa hiyo twaviomba vyuo vyetu mambo matatu. Kwanza, kanuni iandikwe mapema, iwe moja kwa wote, ili mtoto wa mjane asinyimwe kile ambacho mtoto wa mkubwa hupewa kwa simu moja. Pili, familia ialikwe kwenye mahafali, na jina la marehemu lisomwe pamoja na ya wenzake. Tatu, salio la karo lisiwe kizuizi. Ni aibu kumdai mzazi aliyefiwa kabla ya kumkabidhi karatasi ya mwanawe.

Nasi waamini tunalo la kufanya. Kila Novemba tunaleta altareni majina ya marehemu wetu, kwa kuwa Kanisa halimsahau mtu kwa sababu amekufa. Kamati za haki na amani za parokia na ziwatembelee wazazi waliofiwa na wanafunzi, ziwasaidie kuandika barua kwa seneti ya chuo, na zifuatilie hadi jibu lipatikane. Mzazi asiende peke yake kwenye ofisi hizo. Mwenye shamba la mizabibu hakumwacha kibarua yeyote arudi nyumbani mikono mitupu, hata yule aliyefanya kazi saa moja tu.