Nani Atamsomesha Afisa wa Manowari?

Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa mwaka 1964, lakini mpaka 1972 wakuu wake walikuwa Waingereza. Bendera yetu, bahari yetu, amri ya mgeni! Kwa nini? Kwa sababu afisa hapatikani kwa siku moja.

Leo kijana wa chuo akisema ataka kuwa afisa wa manowari, wako wanaomcheka, ati bahari ni kazi ya wasiosoma. Sisi twasema: aibu! Kuongoza meli kwataka hesabu, hesabu zataka vitabu, na vitabu vyataka fedha. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Ndugu wananchi, mchango wa arusi hujaa upesi. Wa mwanafunzi huyu wakimbiwa. Tutoe sasa, au twataka tena nahodha wa kuazima?