Wati za kwenye boksi zisikudanganye

Ukipita Luthuli Avenue hapa Nairobi utaona maboksi ya wufa yaliyoandikwa maelfu ya wati PMPO. Jamani! Umeme wetu ni volti 240 na plagi ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha mwenyewe, ni kama wati 3,100 basi. Wati 10,000 zitatoka wapi? PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda hujipimia kitakavyo. Uliza RMS. Na hata hiyo usiiabudu: ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada.

Kwa maoni yangu, pesa nyingi ziende kwa spika za mbele, hasa ile ya katikati. Kwenye 5.1 maneno ya waigizaji karibu yote hupitia hapo. Watu wengi huifikiria mwisho, kisha wanalalamika kwamba hawasikii sinema inasema nini, ilhali vikombe vinatetemeka kabatini!

Sabwufa iachie sauti za chini ya hezi 80 hivi. Huko sikio hupata shida kujua sauti inatoka upande gani, ndiyo maana moja yatosha sebuleni. Lakini mahali pa kuiweka pana maana. Kona huongeza besi, mara nyingi ikawa ya kuvuma tu, na besi hiyo haizuiliwi na sakafu ya zege. Mimi niko ghorofa ya tatu. Yangu ni ya inchi 8 na iko mbali na kona.