Anayebakiza chakula na alipe

Katika migahawa mingi ya Shinjuku, Tokyo, unalipa bei moja na kula mpaka ushibe, mara nyingi ndani ya dakika 90 hivi. Bafe ya namna hii iliingia Japani mwaka 1958, hoteli ya Imperial ya Tokyo ilipofungua ukumbi wa kula kwa mtindo wa Skandinavia. Naipenda sana, na naunga mkono hata ile sheria inayowaudhi wageni: ukibakiza chakula, unatozwa.

Jioni moja meza ya jirani ilijaa sushi. Vijana wawili walikuwa wakibandua samaki kwa vijiti, wanakula kipande cha juu na kuacha matonge ya wali yakikauka sahanini. Wali ule umetiwa siki, ukafinyangwa kwa ustadi. Ndio sushi yenyewe, samaki ni kitoweo tu. Nilikereka. Bei ya bafe hubaki nafuu kwa sababu wengi wanamaliza wanachochukua, na anayetupa anawapandishia wenzake gharama. Hakuna anayenyimwa: agiza vipande vichache, maliza, agiza tena, utaletewa. Msimamizi alipoongeza tozo kwenye bili yao, nilimwona ametenda haki.