Utosi ni Dirisha, Tujifunze Kuchungulia

Wanachuo wenzangu, nilisimama Irente, pale kwenye mwamba unaotazama Mazinde kule chini, nikamfikiria mama aliyejifungua mtoto asiyelia. Akipewa rufaa ya Bombo, Tanga, itabidi ateremke kona zote za Lushoto hadi Mombo, kilomita 33, ndipo aianze barabara kuu. Tuseme mtoto kafika akiwa hai. Je, ubongo wake unapata damu ya kutosha?

Njia za kupima hilo tunazidesa kila mwaka. Kety na Schmidt, miaka ya 1940, walitumia gesi kwa watu wazima. Ikaja zenoni yenye mionzi, ukaja mwanga wa infraredi ambao Jöbsis aliuonyesha mwaka 1977, ikaja MRI. Tunajibu pepa, tunafaulu, basi. Ngapi kati ya hizo utazikuta wilayani?

Inayowezekana ni altrasaundi ya Dopla. Utosi wa kichanga haujafunga, kwa hiyo unaweka kifaa juu yake na kuona kasi ya damu kwenye ateri ya ubongo. Hakuna sindano, hakuna mionzi, mtoto hatolewi kitandani. Chukua kasi ya juu, toa ya chini, gawanya kwa ile ya juu. Kwa mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, jibu likiwa chini ya 0.55 siku za mwanzo, ni dalili mbaya.

Najua nitaambiwa: kwanza apumue! Kweli kabisa. Mafunzo ya kuwasaidia vichanga kupumua katika hospitali 8 nchini, ambayo matokeo yake yalichapishwa 2013, yalipunguza vifo vya saa 24 za kwanza kwa asilimia 47. Najua pia Dopla inapima kasi, si ujazo wa damu. Lakini anayepona naye ana maisha mbele yake. Mzazi akiambiwa mapema, mtoto ataanza kufuatiliwa na kufanyishwa mazoezi mapema, badala ya kusubiri ashindwe kukaa.

Mimi niko mwaka wa nne na sijawahi kupima utosi hata mmoja. Mashine niliikuta wodini, ila ni ya wajawazito tu. Jamani, hapo tatizo ni pesa au ni mazoea? Serikali yetu ya wanafunzi ilipeleke hili kwa uongozi: asihitimu udaktari mtu ambaye hajapima vichanga kumi chini ya usimamizi. Mashine tunayo. Tufundishwe kuitumia.