Mashua ya chupa ndani ya beseni

Mtoto anayekulia Singida mjini ana maziwa mawili karibu na nyumbani, Singida na Kindai, yote ya maji chumvi. Swali lake huja mapema: kwa nini msumari unazama na meli ya chuma haizami? Mzazi hahitaji kuwa fundi ili alijibu. Beseni, chupa ya plastiki na nusu saa vinatosha.

Aanze na kizibo cha chuma cha soda. Kikilazwa taratibu juu ya maji, upande wenye uwazi ukiwa juu, kinaelea. Kikizamishwa ubavu maji yakaingia, kinakwenda chini. Chuma ni kilekile, ila hewa iliyokuwa ndani imetoka. Chombo husukuma maji kando, nayo maji hukisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa.

Sasa mashua. Chupa ya lita moja na nusu ikatwe kwa urefu, na anayekata awe mzazi. Kingo zifunikwe kwa selotepu. Kijiti cha mlingoti kichomekwe kwenye kipande cha ndala kuukuu kilichobanwa ndani, tanga likatwe kwenye mfuko wa unga (rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019). Ikipulizwa bila mzigo, mashua hulala ubavu. Ikiwekewa kokoto chache chini katikati, inatulia. Kokoto zikirundikwa upande mmoja, inapinduka.

Hapo mtoto mkubwa anaweza kusimuliwa habari ya MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200.

Jaribio la mwisho ni la yai bichi. Kwenye glasi ya maji ya kawaida linazama. Chumvi ikikorogwa ya kutosha, linapanda. Maji chumvi ni mazito zaidi, hivyo hata mashua hukaa juu kidogo.

Lililo zito ni beseni lenyewe. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, ndani ya dakika chache, bila kelele. Nyumba nyingi Singida huhifadhi maji kwenye ndoo na mapipa, kwa hiyo mifuniko ni ya lazima. Mtoto akitolewa majini hapumui, asining'inizwe miguu juu. Apuliziwe pumzi mdomoni na kubonyezwa kifua huku msaada ukiitwa, kisha apelekwe hospitali hata akizinduka.

Mashua isihamishiwe lamboni pia, maana maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho.

Mchezo ukiisha, beseni limwagwe papo hapo. Yale ya chumvi yasimwagiwe mchicha.